Bonde la paa linalovuja: namna ya kulitengeneza na kulitunza hapa Malindi

Masika yakikaribia, simu huanza kulia. "Fundi, mbona panavuja pale pale kila mwaka?" "Nipake lami ipi?" "Nikipachika simiti si itatosha?" Maswali haya nimeyajibu nikiwa juu ya ngazi, nimeyajibu sokoni, na nimeyajibu nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Sasa nimeona niyaandike, mwenye haja asome kwa utulivu kabla mvua haijamkuta.

Paa la kawaida la migongo miwili halina bonde. Lakini ukijenga nyumba ya umbo la L, au ukaongeza chumba ubavuni ukakiezeka paa lake, patakuwa na mahali miteremko miwili inakutana kwa ndani na kufanya mfereji. Huo mfereji ndio bonde la paa. Mafundi wengi huuita vali. Chini ya mabati ya pande zote mbili hulala bati moja lililokunjwa katikati, nami hapa nitaliita bati la bonde. Ndilo linalopokea maji yote.

Na maji hayo si haba. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita mraba 1 ni lita 1. Kama kila upande unaoshusha maji bondeni una mita mraba 15, jumla ni 30. Mvua ya saa moja ya milimita 40, ambayo mwezi wa Mei si ajabu hapa kwetu, italeta lita 1,200 katika mfereji usiozidi upana wa viganja viwili. Ndiyo maana tundu dogo ambalo kwingine juu ya paa lingedondosha matone tu, bondeni linajaza ndoo.

Basi nitalisema mapema, kwa kuwa kila hatua hapa chini inarudi kwenye hili: bonde halizibwi, linaachwa wazi. Kazi yako ni kuyapa maji njia mpaka yafike kwenye gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa.

Nilijifunza hili vizuri zaidi kwa mama mmoja pale Shela. Bonde la nyumba yake lilikuwa limejazwa simiti, juu yake lami, juu ya lami simiti tena. Nilipobomoa tabaka la mwisho, bati lililokuwa chini yake lilikuwa limebaki maganda mekundu, membamba kama ya kitunguu. Niligusa kwa kidole yakavunjika, na kupitia tundu nikaona mpaka kitambaa cha meza yake sebuleni. Akaniambia, "Mwanangu, mimi niliongeza simiti kwa sababu lilikuwa linavuja." Nami nikamwambia, "Mama, lilizidi kuvuja kwa sababu ya hiyo simiti." Simiti hupata nyufa jua likiwaka na bati likitanuka. Maji huingia kwenye nyufa, yakakaa juu ya bati siku nzima bila kukauka, na yakichanganyika na chumvi ya upepo wa bahari, bati halina maisha.

Kabla ya kupanda

Wakati mzuri wa kazi hii ni kaskazi inapovuma na kumekauka, Januari hadi mapema Machi. Ukichelewa, mlango mwingine ni Agosti na Septemba kabla ya vuli, ingawa manyunyu ya kusi bado yanaweza kukusumbua. Wengi walisubiri mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikawakuta na mapaa wazi. Usifungue bonde kama huna uhakika wa siku mbili kavu, na uwe na turubai tayari hata ukiwa na uhakika.

Panda alfajiri. Ikifika saa nne bati linaunguza mkono, na kofia haikusaidii kitu mbele ya jua linalopiga kutoka juu na kurudishwa na bati kutoka chini. Bati lenye umande nalo linateleza, kwa hiyo lipanguse kwanza au subiri likauke.

Vaa viatu vya soli ya mpira. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana chini yake kuna pau, zile mbao zinazobeba mabati. Pasipo na misumari bati linabonyea, na kubonyea kwake kutaleta kuvuja kupya. Usikanyage katikati ya bonde hata mara moja. Ngazi ifungwe kwa kamba juu, na pawe na mtu chini. Ukiwa na waya za umeme zinazoingia nyumbani karibu na bonde, au sola juu ya paa, zima kwanza, lakini bado usiziguse, maana hata ukizima swichi kuu waya hizo na paneli za sola zikiwa juani hubaki na umeme.

Kama paa lako ni la zamani na vigae vyake ni vya asbesto, usivikate wala kuvisugua. Vumbi lake linadhuru mapafu. Hiyo si kazi ya kujifunzia, tafuta watu wanaojua kuiondoa.

Vitu vya kuwa navyo

Kwa kutafuta kosa na kusafisha: ngazi, ufagio laini, brashi ya waya, ndoo, chaki, tochi, bisibisi kuukuu, na mpira wa maji.

Kwa kubadilisha bati la bonde: 
- Bati bapa, yaani lisilo na mawimbi, la geji 26 au angalau 28. Kumbuka namba ikipungua ndipo bati linapozidi unene. Geji 30 ni nyepesi mno kwa bonde, hasa ukiwa upande wa pwani.
- Mkasi wa mabati, futi ya kupimia, kamba ya chaki, nyundo yenye ncha ya kung'olea misumari, drili na skurubu za mabati zenye washa ya mpira.
- Felti ya lami ya kutandika chini.
- Sponji za kuziba matundu ya mawimbi ya bati. Nunua zenye umbo sawa na mabati yako.
- Rangi ya msingi ya kuzuia kutu, inayofaa mabati.
- Silikoni isiyo na asidi.

Hapo kwenye silikoni tusimame kidogo. Fungua kifuniko unuse. Ikinuka siki, irudishe dukani. Silikoni ya namna hiyo hutoa asidi inapokauka, na asidi inakula zinki, ule utando unaolikinga bati na kutu. Utakuwa umeziba tundu moja na kuanzisha kumi. Niliwahi kuuziwa katoni nzima ya aina hiyo nikaambiwa zote ni sawa. Miezi minane baadaye nilirudi kwa mteja nikakuta mstari wa kutu umefuata mstari wa silikoni yangu kama kivuli. Nilimlipia bati jipya kutoka mfukoni mwangu.

Kuhusu kukata: watu wanapenda grenda kwa sababu ni ya haraka. Grenda inaunguza zinki kwenye ukingo, na cheche zake zinaangukia bati zima na kuacha vidoti vya kutu kabla mwezi haujaisha. Kata kwa mkasi.

Tafuta kosa kwanza

Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea zaidi. Wanaona doa kwenye dari, wanapanda juu yake, wanapaka lami mahali pale, wanashuka. Maji yakishaingia hufuata kombamoyo, ile mbao ya mteremko inayobeba pau, au pau yenyewe, yanaweza kutembea mita mbili tatu kabla ya kudondoka. Doa linakuonyesha maji yalipochoka kutembea. Yalipoingia ni juu zaidi.

1. Ingia darini na tochi mchana. Zima tochi kidogo, tazama kama kuna nukta za mwanga kwenye mstari wa bonde. Kisha iwashe ufuate alama za maji kwenye mbao, ukipanda nazo. Mbao nyeusi, kuvu au michirizi ya kutu ndiyo ramani yako. Pachore chaki.

2. Panda juu, ondoa taka zote. Hapa kwetu taka za bonde ni majani ya mwarobaini, maua ya bogenvilea, na sindano za mvinje ambazo hushikana zikawa kama mkeka. Usisahau kunguru. Kunguru wa mjini hujenga viota kwa vipande vya waya, huangusha mifupa na vifuniko vya chupa, na kila kipande cha chuma kinacholala bondeni kinaacha kutu chini yake. Toa kwa mkono na ufagio laini. Ukikwangua kwa jembe au pauro unaikwangua zinki.

3. Taka zikishatoka, tazama bati lenyewe. Je, kuna msumari uliopigwa katikati? Pandano, yaani mahali kipande kimoja kinapolalia kingine, limeachana? Ukingo wa mabati ya pembeni umekatwa mfupi?

4. Kama hujaona tundu, jaribu kwa maji. Mtu mmoja abaki darini. Wewe anza kumwaga chini kabisa karibu na gata, dakika kumi, kisha panda nusu mita, dakika kumi tena. Usianzie juu, kwa sababu maji yatateremka bonde zima na hutajua yameingia wapi. Mwenzako akipiga kelele, hapo hapo ulipofika ndipo kosa lilipo. Ukitumia maji ya kisima chenye chumvi, kama visima vingi vya hapa mjini, suuza bati kwa maji baridi ya bomba, yaani yasiyo na chumvi, ukimaliza.

5. Chukua bisibisi kuukuu, bonyeza kwa nguvu ya wastani kila penye kutu. Likipita, bati limekufa hapo.

Kiraka au bati jipya?

Tundu moja au mawili, bati lililobaki gumu: weka kiraka. Sugua kwa brashi ya waya mpaka uone bati linang'aa, futa vumbi kwa kitambaa chenye thina, kata kiraka cha bati la aina ile ile kinachozidi tundu kwa sentimita 10 kila upande, pembe zake uzikate mviringo. Paka silikoni isiyo na asidi kuzunguka, kandamiza, kisha paka mstari mwingine ukingo wa juu, maana ndio unaopigwa na maji. Usikipige msumari. Kiache siku nzima kikauke. Kiraka cha namna hii kitakupa misimu michache, nacho ni halali kabisa kwa mtu anayekusanya pesa za bati jipya.

Ukipata matundu zaidi ya matatu, au kutu imetambaa mstari mzima wa katikati, badilisha bati lote la bonde. Mabati ya pembeni mara nyingi bado ni mazima; usikubali kuambiwa ni lazima uezue paa zima.

Kubadilisha bati la bonde

Fanya kazi hii mkiwa wawili. Bonde la futi 14 ni kazi ya siku moja kwa watu wasioharakishwa.

1. Pima urefu kwenye bonde lenyewe. Usipime mteremko wa pembeni, kwa kuwa bonde linakwenda kwa mshazari na ni refu kuliko mteremko. Ongeza sentimita 5 za kuingia kwenye gata chini, na sentimita 15 za kuvuka kilele juu. Kila pandano nalo linakula sentimita 15. Bati bapa la futi 8 kwa 4 ukilipasua kwa urefu linakupa vipande viwili vya upana wa sentimita 61, na viwili hivyo vinatosha bonde la futi 14.

2. Kunja. Kila ukingo wa urefu ukunjwe juu na kurudi ndani sentimita 2, uwe kama mdomo mdogo. Mdomo huo ndio unaozuia maji yaliyorushwa na upepo yasivuke kwenda kwenye mbao. Kisha kunja katikati kufuata pembe ya bonde lako. Kama huna mahali pa kukunjia, mpelekee fundi wa bati wa jua kali, yule anayetengeneza masanduku na gata. Atakukunjia kwa muda mfupi, na mkunjo wake utakuwa mnyoofu. Mkunjo wa nyundo juu ya kona ya ukuta unavunja zinki.

3. Fungua mabati ya pembeni. Yape namba kwa chaki kabla ya kuyatoa: kushoto 1, 2, 3, kulia 1, 2, 3. Usitumie penseli kwenye mabati yenye mchanganyiko wa alumini, risasi ya penseli inaacha alama inayokula utando. Misumari ya zamani ing'oe ukiwa umeweka kipande cha ubao chini ya nyundo ili usibonyeze bati.

4. Toa bati kuukuu, kagua mbao. Bonde linatakiwa kulala juu ya mbao mbili pana, moja kila upande, zimepigwa kwenye makombamoyo. Zichome kwa bisibisi. Mbao iliyooza au iliyoliwa na mchwa itoke leo hii, hata kama inakuchelewesha. Bati jipya juu ya mbao laini litabonyea, maji yatatuama, na mwakani utakuwa hapo hapo.

5. Tandika felti ya lami kutoka chini kwenda juu, ya juu ikipanda ya chini. Mbao zilizotiwa dawa zisigusane na bati zikiwa bado mbichi, kwa sababu dawa nyingi zina shaba ndani yake na shaba ni adui wa zinki. Felti inazitenganisha.

6. Laza kipande cha chini kwanza. Kiingie kwenye gata sentimita 5. Hakipigwi msumari katikati wala ubavuni. Kata vibanio vidogo vya bati, upana wa vidole viwili, viingize kwenye ule mdomo uliokunja na uvipige kwenye mbao. Bati litashikwa, lakini litaweza kutanuka jua likiwaka. Misumari miwili tu inaruhusiwa, nayo ni juu kabisa, mahali patakapofunikwa na kipande kinachofuata.

7. Laza kipande cha pili juu ya cha kwanza, kipandane sentimita 15. Kama paa lako limelala sana, ongeza hadi 20 na upake silikoni mistari miwili ndani ya pandano. Nimekuta mabonde ambayo cha chini kimepandishwa juu ya cha juu. Mtu alianzia kileleni akishuka, akasahau maji yanaelekea wapi. Bonde kama hilo linavuja kutoka siku ya kwanza.

8. Kileleni, vusha bati upande wa pili wa kilele sentimita 15, ulikunje lilale, kisha lifunikwe na bati la kilele. Ikiwa mabonde mawili yanakutana hapo, la pili lipande juu ya la kwanza na uweke silikoni kati yake.

9. Piga mistari ya kamba ya chaki juu ya bati la bonde, sentimita 7.5 kila upande wa mkunjo wa katikati. Ndani ya mistari hiyo, ambayo jumla ni sentimita 15, hapawekwi kitu. Mabati ya pembeni yatakatwa kuishia kwenye mstari, na yatakuwa yamelifunika bati la bonde kwa sentimita kama 20. Wapo wanaopenda kuyakaribisha mabati mpaka yagusane katikati, wakisema paa linapendeza. Linapendeza mpaka majani ya mwarobaini yaanze kuanguka.

10. Rudisha mabati kwa namba zake. Yaliyokatwa vibaya zamani, yakawa mafupi, usiyarudishe. Bati lisilofika kwenye mstari linaacha mlango kwa mvua ya upepo. Chini ya mabati, penye matundu ya mawimbi, bandika sponji. Hapo ndipo watu hupachika simiti, nami nimeshasema inafanya nini.

11. Funga skurubu. Kila skurubu ipite kwenye kichwa cha wimbi, kamwe isipite kwenye shimo lake, na ile ya karibu na bonde ipite nje ya mdomo wa bati la bonde. Kaza mpaka washa ya mpira ianze kufura kidogo pembeni, halafu acha. Ukiikaza mpaka ikabanwa yote, jua litaipasua.

12. Fagia vumbi la drili na vipande vya bati vyote, hata vidogo kama punje ya mchele. Vitapata kutu usiku wa kwanza wa umande na kutia doa bati jipya.

13. Jaribu kwa maji kama ulivyofanya mwanzo, kutoka chini kwenda juu, mwenzako akiwa darini. Usirudishe dari mpaka hapo.

Rangi: bati jipya la zinki halishiki rangi ya kawaida, itabanduka kama ngozi iliyoungua. Anza na ile rangi ya msingi ya mabati. Na kama unavuna maji ya mvua kwenye tangi, soma mkebe vizuri usinunue rangi yenye risasi, uchomoe bomba la tangi mpaka mvua mbili za kwanza zioshe paa.

Kulitunza

Hii ndiyo sehemu rahisi, na ndiyo watu huiacha. Panda mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba. Ukiwa na mvinje au mwarobaini juu ya nyumba, panda mara nne, au kata matawi. Fagia, suuza kwa maji baridi, tazama pandano, kaza skurubu iliyolegea, gusa rangi palipochubuka. Nusu saa inatosha.

Kusuuza ni muhimu zaidi kwa nyumba zilizo karibu na ufuo, kama Mayungu na Casuarina. Chumvi hujikusanya zaidi pale ambapo mvua haifiki, yaani chini ya ukingo wa mabati ya pembeni. Elekeza mpira wa maji humo, kutoka juu kushuka. Ukielekeza kwenda juu, maji yataingia darini.

Tazama pia kinachodondokea bondeni. Bomba la AC linalotiririsha maji juu ya mabati limekula mabonde mengi hapa mjini, kwa sababu maji yale yamepita kwenye shaba. Lirefushe lifike chini. Waya wa antena na vyuma vilivyosahauliwa na mafundi, vitoe.

Wenye makuti wananiuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu kiasi. Bonde la makuti ndilo linalooza kwanza kwa kuwa linakauka mwisho, hivyo makuti ya bondeni hushonwa na kupangwa kwa kubanana zaidi kuliko ya mteremkoni, na mteremko uwe mkali. Kagua hapo kila mwaka, ingiza mkono, na makuti yanayosagika yakiwa na unyevu yatolewe kabla hayajaambukiza fito.

Ukiona hivi

Panavuja mvua ikiwa na upepo wa kusi tu, ikinyesha wima hapavuji. Bati la bonde huenda ni zima. Angalia upande unaotazama bahari: mabati ya pembeni yamekatwa mafupi, sponji hazipo, au mdomo haukukunjwa.

Panavuja mvua kubwa tu, ndogo haifanyi kitu. Maji yanafurika. Anza na taka, kisha gata. Gata iliyoziba inayarudisha maji bondeni yakapanda juu ya mdomo. Ikiwa pote ni safi, bati ni jembamba kwa paa lako na utahitaji pana zaidi.

Panavuja hata siku isiyo na mvua, asubuhi. Huo ni umande unaojiunda chini ya bati usiku. Fungua matundu ya hewa darini kabla ya kununua chochote.

Upande mmoja wa bonde daima umelowa darini, na upande wa pili ni mkavu. Pengine mteremko mmoja ni mkali au mkubwa kuliko wa pili, na maji yake yanakuja kwa kasi, yanavuka katikati na kupanda chini ya mabati ya ng'ambo. Mwambie fundi wa bati akukunjie bati la bonde lenye ukuta mdogo katikati, kimo cha sentimita 2 au 3. Maji yatagonga ukuta huo na kushuka.

Kutu imerudi kwenye bati jipya ndani ya mwaka. Tafuta chanzo juu yake: kipande cha chuma, silikoni yenye siki, vumbi la grenda, au tone la shaba. Ukibadilisha bati bila kukiondoa, la tatu nalo litaliwa.

Panavuja chini kabisa, ukutani, mahali bonde linapomwaga kwenye gata. Maji yanaruka gata kwa kasi au yanarudi nyuma chini ya bati mpaka kwenye ukuta. Kunja ncha ya bati la bonde iangalie chini, na kwenye kona ya gata simamisha kipande cha bati cha kimo cha kiganja kiyapokee maji yasiruke. Kifunge kwa skurubu mbili na ukijaribu kwa ndoo mbili za maji zikimwagwa kwa pamoja.